Darasani kwa Abla Inshirah, Kusini Iko Juu

Saa moja na nusu asubuhi, Inshirah Bekhit, ambaye wanafunzi humwita Abla, yaani mwalimu wa kike, anaipigilia ramani ya Misri ukutani kwa misumari minne. Kona moja imechanika siku nyingi. Anakaa, anavua viatu chini ya meza na kuanza kupokea kazi za wanafunzi 58.

Walitakiwa kuchora njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni, hapa kijijini ukingoni mwa Nile, kusini mwa mji wa Esna.

"Girgis, nyumba yenu umeiweka katikati ya mto. Bibi yako anajua kuogelea?"

"Ataelea tu, Abla. Kwa unene ule!"

Darasa linaangua kicheko. Mwalimu hacheki.

"Nimechoka, sikufichi," ananiambia mimi mgeni wake, niliyeketi kando ya meza. Miaka 26 amekuwa akikosoa kosa lilelile: watoto wa huku huchora kusini juu, kwa sababu mto unatoka huko.

"Maji yanateremka, Abla," Girgis anabisha. "Yataupandaje ukurasa?"

Leo ni Alhamisi. Jumatatu mkaguzi analeta mtihani wa kusoma ramani wasiyowahi kuiona. Muhula uliopita walifaulu 11 tu. Wakifeli tena, darasa atapewa mwalimu anayekaririsha majibu.

"Watautaja urefu wa Nile bila kukosea," anasema kwa uchungu, "na wakipewa ramani ya sokoni wapotee."

Inafika karatasi ya Rawya, binti wa dawati la nyuma. Kusini juu, kama wenzake. Kalamu nyekundu inainuka.

"Abla, ngoja!" Rawya anadakia. "Tazama mshale."

Pembeni kuna mshale wa kaskazini, umeelekea chini. Kuna kipimo: sentimita moja, hatua mia. Kuna ufunguo: mraba mweusi ni tanuri la mkate.

"Nani kakufundisha?"

"Si wewe mwenyewe? Ulisema ramani bila mshale ni picha tu."

Mwalimu anaifuata njia kwa kidole, kutoka kwenye tanuri mpaka lango la shule. Kila kitu kiko mahali pake. Machozi yanamlengalenga, nami pia.

"Miaka yote nawakata maksi kwa juu na chini," ananiambia taratibu. "Mshale sikuwauliza hata siku moja."

Anawageukia watoto. "Jumatatu geuzeni karatasi mnavyotaka. Ila kwanza tafuteni mshale."

"Hata kichwa chini miguu juu, Abla?" Girgis anauliza.

"Hata hivyo, mtundu wewe."

Anapanda kiti bila viatu, anang'oa misumari na kuigeuza ramani ya ukutani, kusini ikae juu. Kisha, kwa kalamu nyekundu, anachora upya mshale wa kaskazini uliopotea pamoja na ile kona iliyochanika.