Mtihani wa Dada Alioufanya Mama

Dada yangu anasoma kompyuta chuoni, mwaka wa mwisho. Zamani nilidhani kusoma kompyuta ni kujua kuichapa haraka haraka. Sasa sijui ni nini, na tunalala chumba kimoja. Anaikodolea macho skrini, midomo inamcheza, halafu anafuta yote aliyoandika na kusema leo kazi imekwenda vizuri. Mama akifumua nguo ya mteja hasemi hivyo.

Mama ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko dirishani, hapo sebuleni, nami humshonea vifungo na kupiga pasi tangu nilipoacha shule. Siongei sana, kwa hiyo wananiita Kimya.

Kwa kazi ya kumalizia chuo, Dada alitengeneza programu ya simu kwa ajili ya mafundi kama Mama. Unampima mteja, unaingiza vipimo, vinakaa humo. Aliwapa wenzake wa darasani waijaribu, wote wakafika mwisho bila kukwama. Akaipeleka kwa mwalimu wake akitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Alirudi kichwa chini.

"Kaikataa. Ananiuliza, mbona hakuna aliyekosea? Eti nimewapima samaki kuogelea."

Mwalimu alimpa mpaka Ijumaa. Atafute fundi hasa, amwachie simu, fundi aseme kwa sauti kila anachowaza, na Dada mwenyewe afunge mdomo. Asipopata kosa la maana akalirekebisha, hahitimu na wenzake. Atarudia mwaka.

"Fundi si nipo hapa?" Mama akasema.

"Sawa, Mama, lakini usijifunze. Njoo hivyo hivyo ulivyo."

"Nimekusikia, mwanangu."

Kusikia alisikia. Alichoelewa ni kwamba yeye akikosea, mwanawe anafeli. Basi kila Dada alipoifungua ile programu mezani, Mama alisogeza kiti nyuma yake, akawa anatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ina uzi, macho yakifuata kidole cha Dada. Akirudi kwenye cherehani nilimwona anagonga kitambaa: juu, katikati, chini kulia. Sikusema kitu. Sikujua ni yupi kati yao anayekosea.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kuanza, Dada alisema kitufe cha kuhifadhi kimekaa vibaya. Akakipandisha juu kionekane vizuri, na pale kilipokuwa, chini kulia, kikashuka cha kufuta. Niliviona vikibadilishana nafasi. Mama alikuwa anabadilisha nguo, hakuona.

Mteja nikawa mimi. Mama akanipima kifua, kiuno na mabega. Dada akawasha kinasa sauti, akakaa kama gunia.

"Sema unachowaza, Mama. Mimi sitajibu kitu."

"Hata nikikuuliza?"

Dada kimya.

"Si nakuuliza wewe?" Mama akanigeukia. "Mwenzio leo kaazima jina lako."

Akaanza. "Naandika jina la mtoto. Naandika kifua. Naona binti yangu kanuna, sijui nimemkosea nini. Naandika kiuno." Kidole kilikwenda mbio kama sindano ya cherehani. Dada akapauka. Akajua Mama kajifunza, na mtu aliyejifunza hatampa kosa. Akaniangalia. Nikaangalia pasi.

"Na sasa nahifadhi," Mama akasema, akagonga chini kulia bila hata kutazama.

Skrini ikawa nyeupe.

"Kaenda wapi?" Sauti ya Mama ilishuka. "Mtoto kaenda wapi? Nimemfuta. Nimemfuta mdogo na nimemfelisha mkubwa."

Nilijishika mabega. Nilikuwa nimesimama palepale.

Dada aliziba mdomo kwa mikono miwili. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Akazima kinasa sauti, akamkumbatia Mama.

"Mama, umenipa kosa."

"Ndiyo, nisamehe."

"Hapana, umenipa. Nimeweka cha kufuta pale kidole kilipozoea kuhifadhi, na hakimwulizi mtu kwanza. Wenzangu walikuwa hawajaizoea, wasingeliona. Fundi aliyezoea ndiye angepoteza wateja wote."

"Kwa hiyo nimefaulu?"

"Programu ndiyo imefeli."

"Si programu yako? Basi umefeli wewe."

"Mimi nitafaulu kwa sababu imefeli."

Mama akanitazama. "Wewe umeelewa?"

Nikatikisa kichwa. Sijaelewa mpaka leo.

Dada alirekebisha, akaandika yote, hata kwamba Mama alichungulia. Ijumaa alirudi anaimba. Atahitimu.

"Walinisikiliza?" Mama akauliza.

"Mwalimu alirudia mara mbili pale pa 'mtoto kaenda wapi'."

"Kwa hiyo chuo kizima kinanijua kwa kukosea." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

Akaingiza vipimo vyangu upya, polepole, akitazama kila kitufe. Akahifadhi. Kisha akagonga chini kulia kwa makusudi, aone. Yakatokea maandishi. Akayasoma kwa sauti.

"Una hakika unataka kumfuta?" Akamgeukia Dada. "Nijibu nini?"

Dada, kwa mazoea, akafunga mdomo.

"Mimi siku hizi sina hakika na chochote," Mama akasema, akanipa mimi simu, akarudi kwenye cherehani yake.

Niligonga hapana. Jina langu likabaki.