Mukwa wa Mama

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, mama alirudi nyumbani Kiritiri kutoka hospitali ya Nairobi akiwa na bomba la kitambaa kifuani. Ukuta wa ndani wa mshipa mkuu unaotoka moyoni ulikuwa umechanika, na daktari mgeni alipitisha bomba hilo lenye mbavu za waya kupitia kinena hadi pale palipochanika. Sisi watoto tulidhani amepona. Wapi! Daktari alimweleza baba kwamba bomba limeziba tundu tu. Damu iliyopenya katikati ya kuta ingeganda, inywee polepole, kisha ukuta uegemee kitambaa na kushikana upya. Miezi, pengine mwaka. Kwa sasa ni vidonge vya presha kila siku, na asijikaze kubeba kitu.

Asibebe! Kwetu mwanamke aliteka maji mtoni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaoshika mtungi mgongoni na kukaza kwenye paji la uso. Kidonda cha kinena hata hakijakauka, mama alishaanza kuutazama mukwa wake pale msumarini. Baba aliogopa. Nilijua anaogopa kwa sababu alikuwa mkali kuliko kawaida.

Asubuhi moja aliutoa, akauongeza urefu, akauvaa mwenyewe. Mwanamume mzima, tena mzee wa kanisa! Kule mtoni wanawake walicheka hadi wakatua mitungi. "Mzee, siku hizi umeolewa?" Mimi nilimfuata hatua ishirini nyuma, nikijifanya simjui. Aibu ya siku ile ninayo bado, ila sasa najionea aibu mimi.

Mwaka ukaisha. Picha za hospitali zikaonyesha damu ile imeganda na kunywea, mshipa umetulia. Daktari akamruhusu mama kazi ndogo ndogo. Tulipofika tu nyumbani akautwaa mukwa, akauweka kichwani. Ukamteremka hadi puani.

"Umeniharibia mukwa wangu," akasema.

"Ndiyo," baba akajibu, akamnyang'anya, akashika njia ya mtoni. Mama alibaki mlangoni akicheka huku machozi yanamtoka.

Baba, mwenye mshipa mzima, ndiye aliyetangulia. Baada ya mazishi nilichukua kisu niupunguze ule ukanda, uweze kutumika tena. Mama akanipiga kofi mkononi, mimi mtu mzima na watoto wangu.

"Wacha hivyo hivyo," akasema. "Hicho ndicho kichwa chake."