Danguolė na Uvungu wa Gari la Zenonas

Wifi yangu Danguolė alikuwa mshonaji wa mapazia, mpaka majira ya baridi yale ndugu yangu Bronius, mumewe, aliponunua gari kuukuu kwa Zenonas, jirani yetu anayeleta magari kutoka Ujerumani na kuyauza gulioni. Uvungu wake ulikuwa mweusi, uking'aa lami mpya. "Hili limetunzwa kama mwali," Zenonas alisema. Kumbe nyuma ya lami ile bati lilikwisha kuliwa, imebaki kutu tupu. Bronius alipokanyaga breki kwenye kona ya kinu cha unga, sakafu ilibomoka, mguu ukapita mpaka barabarani. Goti halikupona. Zenonas alikuja kutupa pole, akala na keki yetu. Mimi sijamsamehe, na sina mpango huo.

Danguolė hakulia mbele ya watu. Alichimba shimo la gereji nyuma ya ghala, akaanza kukinga magari ya kijiji na kutu. Kila vuli huchemsha grisi kwenye sufuria aliyokuwa akipikia jamu, ua mzima ukanuka. Hukwangua kwanza, kisha hupaka grisi angavu, inayoonyesha bati lilivyo. Lami hataki hata kuisikia. Mwisho huliendesha gari kwenye njia ya vumbi ya makaburini ili vumbi ligande juu ya grisi. Majirani wanalalamika nguo zao zinachafuka kwenye kamba, lakini magari wanamletea yeye.

Machi iliyopita akaja Zenonas na gari la buluu.

"Shemeji, ya zamani tuyaache. Nipakie lami, nyeusi tii. Jumapili nalipeleka gulioni."

"Na kutu?"

"Achana nayo! Nani anainama siku hizi? Wakiona weusi tu, wanatoa pochi."

"Haya. Nitalikinga na kutu."

"Lifanye kama ungefanya la mumeo!" akasema, akacheka.

Nilikuwa nimeshika sufuria ya grisi ya moto, na Mungu anajua nilitaka kuifanyia nini. Danguolė akanibana kiwiko.

Alikwangua gari lile kwa hasira ya miaka. Magamba ya kutu yalimwagika shimoni, sakafu ikabaki chujio. Halafu nikamwona anabadilisha mabomba ya breki na kuchomelea kipande cha bati chini ya kiti cha dereva.

"Unamhurumia huyu?" nikamfokea.

"Simhurumii, wifi. Maiti haoni haya."

Akapaka grisi angavu kote. Pembeni tu, pale mtu aliyesimama wima anapoweza kuona, akapitisha mstari wa lami nyeusi. Akarudisha mazulia ya mpira, akayanyoosha vizuri. Zenonas alipokuja kulichukua, alitazama ule mstari, akaridhika. Hakuinama.

Jumapili alfajiri ardhi ilikuwa imeganda, gari likafika gulioni kavu. Mimi nilikuwepo, nikiuza jibini. Zenonas alikaa ndani akisifu injini, na mnunuzi, mama mmoja mnene, akalala chini bila kujali koti lake. Mara zulia likainuka miguuni pa Zenonas, ukatokea mkono, ukampungia.

"Habari za humo ndani, baba!" mama akapaza sauti kutoka uvunguni.

Soko lote lilicheka. Watu waliitana waje kuona, na wale aliowauzia zamani wakaanza kuulizana kuhusu magari yao. Nilicheka mpaka jibini likaniponyoka, na sioni aibu kusema nilifurahi.

Alipanga kurudi kwa basi. Ikabidi arudi na gari lake. Mchana theluji ilikuwa imeyeyuka, barabara nzima tope na maji ya ile chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu, na miguu ya dereva haina pa kukimbilia. Alisimama langoni kwetu ameloa mpaka magotini, anatetemeka kwa baridi na hasira.

"Umeniharibia gari, mwanamke wewe!"

"Nimekwangua kutu tu," Danguolė akasema. "Kilichobaki ndicho ulichokuwa unauza."

Bronius alitoka taratibu na fimbo yake. Aliitazama suruali ya Zenonas, maji yakichuruzika kutoka magotini mpaka kwenye viatu.

"Wewe utakauka," akamwambia, akageuka kurudi ndani, akiuburuta mguu.