Mama Nembo na Kompyuta ya Mkamwana

Mama Nembo alikuwa na watu watatu asiowapenda: mwenye karakana ya kona, aliyemchukulia wateja, fundi kompyuta, aliyewahi kumwambia kwamba mashine yake ni ya kupelekwa makumbusho, na mke wa mwanawe. Wawili wa kwanza aliwachukia siku za kazi tu. Huyu wa tatu alimchukia bila likizo.

Jina hilo la Mama Nembo alipewa na walimu, na alilipata kwa jasho. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akidarizi zile nembo zinazoshonwa kwenye mifuko ya mashati ya wanafunzi: mwenge, kitabu kilichofunguliwa, tai aliyekunjua mabawa utadhani ana ugomvi na mtu, na chini yake maneno ya kuwahimiza watoto wajitume. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, dirisha likitazama barabara, na humo ndani mlikuwa na mashine ya sindano sita, kubwa hivi kwamba siku ya kuiingiza ilibidi fremu ya mlango ing'olewe. Mashine yenyewe haijui kuchora. Kila nembo huchorwa kwanza kwenye kompyuta, mshono kwa mshono, kisha hupelekwa kwenye mashine kwa waya. Mama Nembo alijifundisha kuchora katika umri ambao wenzake walikuwa wanajifundisha kupumzika, na nembo moja ilimchukua siku mbili kamili. Alikuwa nazo arobaini na moja, zote ndani ya kompyuta moja kuukuu iliyokaa chini ya meza.

Wiki ile shule zilipofunga kwa likizo ndefu, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ikafa. Fundi akaifungua, akakunja pua, akasema diski imeungua na hakuna cha kuokoa. Mama Nembo akamwambia hajui kazi. Fundi, mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kipajini, akamwambia amtafute anayejua. Akamtafuta. Naye akasema yaleyale, kwa maneno marefu zaidi.

Basi akabaki na mashine nzima isiyo na cha kushona, na shule kumi na moja zinazotaka nembo kabla ya kufungua. Wasipozipata kwake wangekwenda kona, na anayekwenda kona harudi. Alilijua hilo, na lilimkaa rohoni asubuhi mpaka jioni.

"Tulia, mama," mwanawe alimwambia. "Tutakununulia kompyuta mpya. Mke wangu anajua ipi inafaa."

"Mkeo anajua nini kuhusu kudarizi?"

Hapo mwana alipopakanyaga palikuwa na kidonda cha miaka sita. Mkewe alifanya kazi katika ofisi ya uchapaji, akichora mabango na kadi za harusi. Akiwa bibi harusi mpya, mezani, mbele ya shangazi wawili, alimwambia mama mkwe kwamba siku hizi nembo zinaweza kuchapwa kwenye kitambaa kwa joto, dakika moja, bila sindano hata moja. Labda alidhani anasaidia. Mama Nembo alichosikia ni kwamba kazi ya maisha yake inaweza kufanywa na pasi. Akamjibu. Bibi harusi naye hakuzaliwa bubu, akarudisha. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili hawakusemezana ana kwa ana, na kila neno lao lilipita kwa mwana.

Naye mwana alikuwa chujio. Mama akisema, "Mwambie mkeo chumvi haigawiwi bure," yeye alifika kwake na kusema, "Mama anashukuru kwa chakula." Mke akisema, "Mwambie mama yako asinihesabie siku za kumtembelea," yeye alifika kwa mama na kusema, "Anakusalimu." Alikuwa fundi wa kazi hiyo. Kila ujumbe uliotoka kwa mmoja ulifika kwa mwingine umenyolewa ndevu, na kwa njia hiyo familia ikapitisha miaka sita pasipo mtu kurushiwa sahani.

Kompyuta ilinunuliwa wiki ileile. Lakini haikuja. Wiki ya kwanza, mwana akasema inawekwa sawa. Wiki ya pili akaja kuchukua kile kitambaa cheupe ukutani ambacho Mama Nembo alikuwa ameshonea nembo moja moja ya kila shule, akasema wanakipiga picha za kumbukumbu, zisije nazo zikapotea. Wiki ya tano kitambaa hakijarudi wala kompyuta haijaonekana.

"Picha gani hizo zinapigwa mwezi mzima?" Mama Nembo aliuliza. "Wanapiga picha au wanapiga ramli? Sema ukweli. Mkeo anaichezea kompyuta yangu."

"Haichezei, mama."

"Anatazama filamu. Namjua."

Mwana akacheka kicheko cha mtu asiyetaka kuulizwa zaidi. Mama Nembo akauma meno. Kila alipopita mbele ya karakana ya kona na kusikia mashine ya yule bwana ikinguruma, alimwona mkamwana wake akilini, miguu juu ya kochi, laptop mapajani, akila karanga na kupangusia vidole kwenye herufi.

Siku kumi na mbili kabla ya shule kufunguliwa, mwana akaileta, pamoja na kitambaa kilichokunjwa vizuri. Mama Nembo hakugusa kitambaa. Aliinua laptop hadi dirishani, akaigeuza kwenye mwanga, na kweli, herufi zilikuwa na mng'ao wa vidole.

"Mpya gani hii? Hii imeshazeeka mikononi mwa mtu."

"Mama, ni mpya. Kila kitu kimo, programu ya kudarizi imeshawekwa." Akasita kidogo, akakuna kidevu. "Mke wangu anakusalimu."

Akaondoka. Mama Nembo akachomeka waya. Kompyuta ikamwambia, kwa heshima kubwa na picha ya rangi rangi, kwamba haikitambui kifaa hicho. Akachomoa, akachomeka tena. Haikitambui. Mashine iliyowalisha watoto, ikamsomesha huyu mwana mpaka akapata kazi ya kumwezesha kuoa, leo haitambuliki! Akamwita fundi.

Fundi alihamisha miwani ya kipajini hadi machoni na ya machoni hadi kipajini, akabofya kwa nusu saa. Tatizo, akasema, ni mfumo. Kompyuta imekuja na mfumo mpya kabisa, na ile programu ndogo inayozungumzisha waya na mashine ilitengenezwa enzi za mfumo wa zamani, na walioitengeneza wameshaacha biashara. "Mfumo huu hauelewani na mashine yako, dada. Hawasemezani."

"Dawa yake?"

"Kuung'oa huu mpya, kuweka wa zamani. Toleo lilelile ulilokuwa nalo. Watu watakucheka, lakini itafanya kazi."

"Wewe ng'oa. Wanaocheka hawanishonei."

"Ngoja kwanza." Fundi alikuwa na ubaya wake mwingi, lakini kazi yake aliiheshimu. "Nikiung'oa, diski nzima inafutwa. Kitu chochote kilichomo kinakwenda. Kuna kitu humu unakitaka?"

"Imefika leo. Kitu gani kitakuwemo?"

"Naona kuna mafaili. Imetumika. Fungua uangalie, mimi nanywa maji."

Mama Nembo akaitazama ile skrini. Kulikuwa na kibahasha kimoja cha manjano pale pembeni, na chini yake kimeandikwa kwa herufi ndogo: *za mama*. Akasoma, na damu ikampanda. Kwa hiyo binti huyu alikuwa na mama yake, na picha za mama yake, na sherehe za mama yake, akazijaza kwenye kompyuta ya kazi ya mtu mwingine, halafu akasahau hata kuzitoa. Wiki saba anasubiri, shule kumi na moja zinampigia simu, kumbe kompyuta ilikuwa albamu ya ukoo wa watu.

"Futa," akasema.

"Umefungua?"

"Sihitaji kufungua. Ni takataka za mke wa mwanangu. Futa vyote. Nataka isibaki hata alama ya kidole chake."

Fundi akamwuliza mara ya tatu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akiwauliza watu wote, na kwa mara ya tatu akaambiwa afute. Akachomeka flashi yake. Kazi ilichukua saa mbili na nusu. Mama Nembo alikaa kwenye kiti akitazama mstari wa bluu ukijaa pole pole, na kusema kweli, aliona raha. Tangu kompyuta ya zamani ife hakuwa amejisikia hivyo. Alitamani mkamwana angekuwepo aone.

Ilipofika alasiri, skrini ilikuwa na sura ileile ya zamani aliyoizoea, vitufe vya mraba, rangi ya kijivu. Fundi akaweka programu ya kudarizi, akachomeka waya. Mashine ikalia mlio mmoja mfupi, taa yake ya kijani ikawaka. Imekubali. Fundi akachora duara la majaribio, na sindano zikashuka, zikashona duara hilo safi kabisa. Mama Nembo alimshika fundi mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia, na hata akamwita kaka.

Kisha akaanza hesabu ya siku. Siku kumi na mbili, siku mbili kwa kila nembo: angemaliza sita. Shule tano zingekwenda kona. Ziende, akajisemea. Sita ni bora kuliko sufuri. Alikuwa ameanza kuchora mwenge wa kwanza pale mlango uliposukumwa.

Aliingia mwanawe, uso umemshuka, na nyuma yake mkewe. Mkamwana hakuwa amekanyaga karakana ile kwa miaka sita. Alikuwa bado na nguo za kazini, na kitambulisho cha ofisi kimening'inia shingoni.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama Nembo hakuitikia. Mkamwana akasogea mpaka kwenye meza, akaitazama skrini ya kijivu, akatazama duara lililoshonwa, akatazama flashi ya fundi ambaye alikuwa anafunga mkoba wake.

"Mmebadilisha mfumo," akasema.

"Tumebadilisha," Mama Nembo akasema, hewani, bila kumtazama. "Ule wako ulikuwa unajidai."

"Na faili? Lile la manjano?"

"Picha zako nimefuta. Kompyuta hii ni ya kazi."

Mkamwana akageuka akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama sakafu.

"Hazikuwa picha," mkamwana akasema. "Zilikuwa nembo. Zote arobaini na moja. Nilizichora kutoka kwenye kile kitambaa, kila jioni nikitoka kazini. Nilizipanga kwa majina ya shule ili usitafute sana."

Fundi alivua miwani yote miwili.

"Unazo nyingine?" akauliza. "Kwenye flashi? Ofisini?"

"Sina. Nilichorea humu humu. Kompyuta mpya ya wiki saba, nani angedhani itafutwa?"

Fundi akakaa tena chini bila kuambiwa. Alihangaika karibu saa nzima na programu zake za kufufua, jasho likimtoka, na alichopata ni vipande: nusu ya bawa, herufi tatu, kitabu kisicho na ukurasa wa kulia. Mfumo wa zamani ulikuwa umekaa juu ya vipande vingine. Akasema samahani, na ilikuwa mara ya kwanza Mama Nembo kumsikia akisema neno hilo.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Nembo alimgeukia mwanawe. "Ulisimama hapo mlangoni. Kwa nini hukuniambia?"

"Alisema nikuambie," mwana akajibu kwa sauti ya chini. "Alisema, 'Mwambie mama afungue faili la manjano kabla hajaanza kulalamika.' Nikaona hapo pana vita. Nikasema tu anakusalimu. Alipotoka kazini akaniuliza umesema nini ulipolifungua, ndipo tukaja."

"Ungetupa kulalamika, ukaniletea faili!"

"Miaka sita, mama. Miaka sita nabeba maneno yenu. Sijui tena ni lipi la kutupa na lipi la kuacha."

Mama Nembo akamgeukia mkamwana. Alikuwa tayari. Majibu ya kila aina alikuwa nayo, ya miaka sita, mengine aliyafanyia mazoezi akifua. Alimsubiri aseme neno moja tu: kwamba yeye ni mama mkwe mbaya, kwamba kisirani chake kimemponza, lolote. Angemjibu, wakagombana, na katika ugomvi huo hasara ingepata mtu wa kuibeba.

Mkamwana aliokota kile kitambaa cheupe kilichokunjwa, ambacho hakuna mtu aliyekigusa tangu kiletwe, akakitandaza mezani, akakinyoosha mikunjo kwa kiganja. "Ukihitaji kuona rangi," akasema. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka nje.

Mama Nembo akabaki amesimama.

"Mkimbilie," akamwambia mwanawe. "Mwambie..."

"Siendi," mwana akasema. "Mwambie mwenyewe."

Mama Nembo akatoka hadi mlangoni. Barabara ilikuwa na watu wa jioni, na mkamwana alikuwa amefika nusu ya njia kuelekea kona, akienda kwa hatua za kawaida. Sauti ingemfikia. Mama Nembo akavuta pumzi, akafungua kinywa amwite, na hapo hapo akagundua kwamba hana la kumwitia. 'Mwanangu' hakuwahi kumwita. 'Mkwe' hakuwahi. Jina lake alilijua, lakini halikuwahi kupita kwenye ulimi wake hata siku moja, na sasa alipolitafuta halikuja. Alisimama pale kizingitini kinywa wazi, wapita njia wakimtazama, mpaka yule mwanamke alipokata kona.