Sekunde Ishirini Bila Mkongojo

Aliyenivunja mguu ni yule bosi mwenye duka la viatu soko la Zhanxi, huku Uchina. Watu wanamlaumu msukuma mkokoteni aliyenigonga. Mimi simlaumu, bosi ndiye aliyemwambia arundike marobota mpaka asione mbele. Nimeshaandika hivyo na sifuti.

Wakili wangu Mchina alinikataza kuweka chochote mtandaoni mpaka kesi ya fidia iishe. Mwanafunzi wa kwetu aliyenitafsiria alirudia mara mbili, nami nikaitikia. Lakini wateja wangu wa Kariakoo walikuwa wanasubiri mzigo, na mteja wa kwetu asipokuona wewe mwenyewe umesimama na mali, anajua umemla. Wakaanza kuniita tapeli. Basi nikaenda jengo la biashara la Tianxiu, nikaficha mkongojo nyuma ya robota, nikashika buti, nikacheka: "Mzigo huu hapa, na mama yenu nipo ngangari." Sekunde ishirini. Kisha nikaanguka, nikalia, simu bado inarekodi. Kipande hicho nikakikata, nikarusha kilichobaki kwenye WeChat, ile nzima ikabaki kwenye simu.

Nilisahau kwamba kwenye WeChat yangu wamo mabosi wote niliowahi kuwauliza bei. Ndivyo tunavyofanya: ukiuliza bei tu, mnaskaniana simu, kila mmoja anaingia kwa mwenzake. Na bosi wa Zhanxi alikuwemo.

Kesho yake asubuhi mwanafunzi akanipigia.

"Mama, upande wa bosi wanayo video. Wanasema mguu ni mzima."

Mguu ukionekana mzima hakuna wa kulipia upasuaji wa pili, na daktari alishasema bila huo nitachechemea maisha yangu yote. Nikafuta video. Nikafuta na ile ndefu yenye kuanguka, nikasafisha mpaka pipa la takataka la simu.

Mchana nikamsimulia wakili yote. Akauliza kitu kifupi. Mwanafunzi aliniangalia kwanza, ndipo akatafsiri.

"Ile ndefu, ya kuanguka, ipo? Ndiyo ingekuokoa, mama."

Kwenye usuluhishi bosi aliweka simu mezani. Nikawa nacheka humo ndani, tena na tena, na yeye hakuniangalia hata mara moja. Pesa walizonipa ziliishia kwenye dawa. Upasuaji sijafanya.

Siku hizi nikivuka barabara ya Huanshi Zhonglu nikasikia magurudumu nyuma yangu, naganda. Na mtu akinyanyua simu kupiga picha, naficha uso kwanza, hata kama mkongojo utaanguka.