Kahawa za Mfukoni

Mtembeza wageni wa nyumba yetu ya msonge, hapa Buhembe, hugonga boriti ya mlango kwa kiganja kabla ya kuingia, ili walio warefu wainame. Huongea polepole, na mfuko wa shati lake haukosi kahawa kavu za kutafuna. Miaka kumi na tisa nawapikia wageni wake, sijawahi kumwona akibabaika, ila Jumanne ile ya mtihani wa cheti cha kutembeza watalii. Bila cheti asingeruhusiwa kutembeza mgeni tena. Alikuwa amekariri maelezo yote ya mafunzo, lakini mtahini, mama mmoja mgeni, aliposema, "Haya baba, anza," yote yakampotea. Mimi jikoni nikaacha mwiko, nikasali. Mara nikasikia kiganja kikigonga boriti, nikachungulia. Akatoa kahawa, akatafuna moja, nyingine akampa mtahini.

"Mama, kwetu mgeni haanzi na maneno, anaanza na hii. Inama tuingie."

Walikaa humo saa nzima, na mtahini nikamsikia akicheka. Alipotoka alisaini karatasi ya kufaulu palepale mlangoni. Mtembeza wageni wetu akaja jikoni, akaugeuza mfuko nje, mtupu.

"Dada, hata yule mama amefaulu! Kahawa zangu zote kazimaliza."

Nikamshukuru Mungu, nikampakulia ndizi.