Miguu ya Bibi Kwenye Mkanda

Juzi harusini hapo Bariadi nilimgombeza mpiga picha mpaka mwenyewe nikaona aibu. Watu wanacheza, vumbi linatimka, yeye kamera kaielekeza kwenye nyuso. "Piga miguu, wewe!" Akacheka. Hakujua, masikini, kwamba nilikuwa nagombana na mtu mwingine kabisa.

Unaikumbuka ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, televisheni na deki za video zikaanza kuonekana vijijini? Kwetu mwalimu ndiye alikuwa wa kwanza, akiiwasha kwa betri ya gari. Jumapili moja mchana, tukiwa tumekaa chini tunatafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, aliweka mkanda wa baleti aliopewa misheni. Wasichana wa Kizungu wakasimama kwa ncha za vidole, kamera ikawasogelea miguuni, ukaona hata kifundo kinavyotetemeka. Sisi watoto tukaangua kicheko. Bibi yangu hakucheka. Alikuwa ametamba kwenye ngoma za Wagalu, kile chama cha wachezaji cha Kisukuma, tangu usichana wake, na sasa magoti yalikuwa yamemwisha.

"Mwalimu, huyu akizeeka, hii inabaki?"

"Inabaki, mama."

"Basi na mimi niwekeni humo."

Mwalimu akamleta mpiga picha wa harusi kutoka Maswa. Bibi alijichua magoti kwa samli siku tatu, akafunga njuga, ngoma zikalia. Jamani, alicheza! Kisigino kinagonga, vidole vinakwangua udongo, mabega yametulia tuli. Ilipokwisha tulimbeba kumwingiza ndani, na hakusimama tena bila fimbo.

Mkanda ulipoletwa tulijazana kwa mwalimu. Uso wa bibi ukajaa kioo kizima. Jasho, shanga, mabega, halafu uso tena. Njuga tunazisikia, miguu haionekani. Yule bwana alitafuta sura, kama alivyozoea kwa maharusi. Bibi akangoja, akangoja, mwisho akaniinamia. "Miguu yangu iko wapi?" Nikamwambia inakuja. Mkanda ukaisha.

Tungefanya nini? Nani angethubutu kumwambia acheze tena? Alikufa kabla pamba haijachumwa, na wenzake waliozijua zile hatua wakamfuata mmoja mmoja. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Jana binti yangu kaniomba nimwonyeshe bibi alichezaje. Nikavua viatu, nikasimama uani. Nikanyanyua mguu wa kulia, nikaushusha. Nikanyanyua wa kushoto. Sikujua unaoanza ni upi. Binti yangu kashika simu, kaielekeza miguuni, anasubiri.